Neno Moja Mbele ya Hakimu: Kukiri Kosa na Haki ya Rufaa



Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi hulijua wakati ambapo halifai kitu tena. Mtu amesimama mbele ya hakimu, amesomewa shtaka lake, akaulizwa kama ni kweli au si kweli. Naye, kwa hofu au kwa haraka ya kurudi nyumbani, ajibu, "Ni kweli." Neno lile ni fupi, wala halichukui hata nukta mbili kulitamka. Lakini likiisha kuandikwa katika kumbukumbu za mahakama, humfungia mtu yule mlango mkubwa, yaani mlango wa kwenda mahakama ya juu kusema kwamba hakutenda kosa.

Sisi tulio walimu huletewa karatasi na majirani ili tuwasomee. Mara nyingine mzazi huja jioni, ameikunja karatasi ya mahakama ndani ya kitambaa, akasema, "Mwalimu, nisomee hii. Mwanangu amefungwa, nasi twataka kukata rufaa." Twaisoma, na katikati yake twakuta maneno machache: mshitakiwa amekiri kosa. Ndipo mzazi ashangaapo, akasema, "Lakini aliambiwa akiri ili aachiliwe upesi. Je, neno lile lina nguvu gani?" Basi mazungumzo haya ni jibu la swali hilo, nasi twatumaini kwamba wenye kuyasoma watalijua jibu kabla hawajalihitaji.

RUFAA NI NINI

Hakimu ni binadamu, na binadamu huweza kukosa. Kwa sababu hiyo sheria imeweka mahakama zenye daraja, moja juu ya nyingine. Mtu asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya chini aweza kuiomba mahakama ya juu iitazame hukumu ile kwa macho mapya. Mashahidi walisema nini? Je, ilikuwa haki kuwasadiki? Je, sheria ilifuatwa? Haya ndiyo maswali ya rufaa.

Haki hii si hisani ya hakimu wala ya Serikali. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yaitaja haki ya mtu kukata rufaa. Kadhalika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yasema kwamba mtu aliyetiwa hatiani ana haki ya kukata rufaa, au kuomba shauri lake lipitiwe na mahakama ya juu, kama sheria ilivyoagiza.

Maneno hayo ya mwisho, "kama sheria ilivyoagiza," yatupasa kuyaangalia sana, kwa kuwa sheria imeweka mpaka. Katika Kenya, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai chasema kwamba mtu aliyekiri kosa katika mahakama iliyo chini ya Mahakama Kuu, akatiwa hatiani kwa kukiri kwake, haruhusiwi kukata rufaa isipokuwa juu ya kiasi cha adhabu au uhalali wa adhabu. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1985 ina agizo kama hilo. Na kwa Mahakama za Mwanzo za Tanzania Bara, aliyekiri aweza kukata rufaa juu ya adhabu, au juu ya amri ya kulipa fidia, wala si juu ya hatia yenyewe.

Angalieni basi tofauti ya mambo mawili. Kuna hatia, yaani kuamuliwa kwamba mtu ametenda kosa. Na kuna adhabu, yaani malipo ya kosa lile, kama kifungo au faini. Aliyekana, akashindwa, aweza kupinga yote mawili. Aliyekiri amejibakizia la pili tu.

KWA NINI SHERIA IMEFANYA HIVI

Pengine mtu atasema kwamba sheria hii ni kali. Lakini tutafakari sababu yake. Mahakama ya juu hupima ushahidi uliotolewa katika mahakama ya chini. Mtu anayekana kosa humwambia hakimu, "Waitwe mashahidi, nami nitawauliza maswali." Mtu anayekiri husema, "Hapana haja ya mashahidi, nakubali." Basi ikiwa hapakuwa na mashahidi, mahakama ya juu itapima nini? Itakuwa kama mtu aliyeshika mizani, asiwe na kitu cha kutia ndani yake.

Tena, kama kila aliyekiri angaliweza kuyakana maneno yake baada ya kuiona adhabu, mashauri yasingalikwisha. Mwenye kudhulumiwa angalitoka mahakamani leo akiwa na amani, na mwakani angaliitwa upya, huku mashahidi wamehama au wamesahau. Kwa hiyo sheria haikufanya vibaya kumfunga mtu kwa neno lake. Lakini ikiwa neno lina nguvu kiasi hicho, basi ni wajibu neno lenyewe liwe neno kamili, lililosemwa na mtu aliyefahamu na asiyelazimishwa. Huo ndio moyo wa jambo hili, na mengine yote tutakayosema yanautegemea.

MFANO WA BAISKELI

Ili tufahamu vema, na tufanye mfano. Tuseme mzee mmoja amefariki, akaacha wana wawili na baiskeli moja. Wazee wa ukoo walipoketi, kijana mdogo alielewa kwamba baiskeli ni fungu lake. Lakini kaka yake aliendelea kuiweka nyumbani kwake na kuipanda kila siku. Siku moja mdogo akaenda mchana, kaka hayupo, akaichukua baiskeli akaenda nayo. Kaka akakasirika, akapiga mbio mpaka kituo cha polisi. Baada ya siku chache mdogo amesimama mahakamani, asomewa shtaka la wizi wa baiskeli.

Aulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Naye, kwa kuwa amelelewa kusema kweli, ajibu, "Ni kweli, niliichukua."

Je, kijana huyu amekiri wizi? La, hakukiri. Amekiri kuchukua. Wizi una viungo vyake, kama vile mwili ulivyo na viungo. Kwanza, kuwe na kuchukua kitu. Pili, kiwe kimechukuliwa kwa hila, na mwenye kukichukua asiwe anadai kwa nia njema kwamba ana haki nacho. Tatu, kwa kawaida, awe amekusudia kumwondolea mwenyewe kitu chake moja kwa moja. Kijana wetu amekubali kiungo cha kwanza tu. Kama alisadiki kwa moyo mweupe kwamba baiskeli ni urithi wake, kiungo cha pili hakipo, na bila hicho hapana wizi.

Lakini yeye hajui habari za viungo. Hufikiri, "Nitakubali kwanza, kisha nitaeleza." Na hakimu asipouliza zaidi, wala kijana asipoeleza, huandikwa kwamba amekiri. Hapo amejikwaa ulimi, nao wahenga walisema, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

WAJIBU WA HAKIMU

Majaji wa Afrika ya Mashariki wameijua hatari hii kwa muda mrefu. Mwaka 1942, katika shauri lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilifundisha kwamba kila kiungo cha shtaka kielezwe kwa mshitakiwa, naye aulizwe akikubali au akikatae kimoja kimoja, na majibu yake yaandikwe kwa namna itakayoiridhisha mahakama ya juu kwamba alifahamu na alikiri pasipo shaka.

Mwaka 1973 mahakama iyo hiyo, katika shauri la Kenya lijulikanalo kwa jina la Adan, ilizipanga hatua hizi kwa taratibu iliyo wazi sana, na hata leo mahakama za Kenya na Tanzania hulirejea shauri lile. Hatua zenyewe, kwa maneno yetu wenyewe, ni hizi.

Kwanza, shtaka na maelezo yake yasomwe kwa lugha ya mshitakiwa mwenyewe ikiwezekana. Na isipowezekana, kwa lugha anayoifahamu na kuisema.

Pili, hakimu aeleze viungo vyote vikubwa vya kosa.

Tatu, mshitakiwa akivikubali vyote, jibu lake liandikwe karibu iwezekanavyo na maneno aliyoyatamka yeye. Ndipo hakimu aandike kwamba amekiri.

Nne, mwendesha mashtaka asimulie mambo yalivyotukia: siku gani, mahali gani, nini kilifanyika. Kisha mshitakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga, au kuyaongeza.

Tano, akiyapinga, au akiongeza neno ambalo likiwa kweli laweza kuonyesha kwamba hana hatia, hakimu afute kukiri kule, aandike kwamba mshitakiwa amekana, na shauri lisikilizwe kwa mashahidi. Lakini akikubali bila kupinga neno kubwa, ndipo atiwe hatiani, na hakimu asikie mambo mengine yanayohusu adhabu kabla hajaitoa.

Mwaona kwamba kijana wetu wa baiskeli alikuwa na nafasi mbili. Nafasi ya kwanza ilikuwa alipoulizwa kama ni kweli. Nafasi ya pili ilikuwa baada ya mwendesha mashtaka kusimulia habari. Kama angesema wakati wowote kati ya hizo, "Mheshimiwa, niliichukua kwa kuwa ni urithi wangu kutoka kwa baba," ingempasa hakimu aandike kwamba amekana. Maneno kumi ya kweli yangalimwokoa, lakini aliyanyamazia akidhani kwamba si adabu kusema zaidi. Kujieleza mbele ya hakimu si utovu wa adabu. Mahakama iliwekwa ili watu waseme.

MILANGO ILIYOBAKI

Sasa tuseme hatua hizo hazikufuatwa, naye kijana amefungwa. Je, yote yamekwisha? La. Mlango mkubwa umefungwa, lakini madirisha yapo, na ni vema kuyajua.

La kwanza ni adhabu, kama tulivyokwisha kusema. Adhabu yaweza kupingwa kwa njia mbili. Huenda si halali, yaani imepita mpaka uliowekwa. Mathalani, katika Kenya, wizi wa kawaida usio na jambo lingine la kuuongeza uzito una kifungo kisichozidi miaka 3. Hakimu akitoa miaka 5 kwa kosa hilo, adhabu ile si halali. Au huenda ni halali, lakini imezidi mno kwa kosa lililotendwa. Hapo mahakama ya juu yaweza kuipunguza, ingawa haipendi kuingilia isipokuwa imeona kosa lililo wazi.

La pili lahusu kukiri kwenyewe. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Tanzania ilieleza kwamba hata mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri aweza kusikilizwa katika rufaa juu ya hatia, ikiwa ataonyesha moja katika mambo manne. Jambo la kwanza, kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili, au kulikuwa na maana mbili, hata mahakama ya chini ilikosea kukuhesabu kuwa ni kukiri. La pili, kwamba alikiri kwa makosa, au kwa kutofahamu. La tatu, kwamba shtaka lenyewe halikuonyesha kosa lolote linalojulikana na sheria. La nne, kwamba hata kwa mambo yale aliyoyakubali, kisheria asingeweza kutiwa hatiani kwa kosa lile.

Katika mambo hayo kijana wetu angeweza kupata msaada. Angesema, "Nilikubali kuchukua, sikukubali kuiba, kukiri kwangu hakukuwa kamili." Mahakama ya juu ikiridhika, yaweza kuifuta hatia, na mara nyingi huagiza shauri lianze upya mbele ya hakimu. Lakini asidhani kwamba njia hii ni nyepesi. Mahakama ya juu itasoma yaliyoandikwa. Kama kumbukumbu zaonyesha kwamba alielezwa kila kiungo na akavikubali vyote waziwazi, rufaa yake juu ya hatia itakataliwa. Ndiyo maana twasema ni afadhali kusema vema siku ya kwanza kuliko kutafuta dirisha baada ya mlango kufungwa.

MAKUBALIANO YA KUKIRI KOSA

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu anayekiri peke yake. Iko namna nyingine, nayo ni makubaliano. Mshitakiwa na mwendesha mashtaka hupatana kwamba mshitakiwa atakiri, na mwendesha mashtaka kwa upande wake atapunguza shtaka au ataondoa mengine. Kenya iliiweka njia hii katika sheria mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2019.

Katika makubaliano haya haki ya rufaa haipotei kimya kimya. Sheria za nchi zote mbili zataka mshitakiwa aapishwe, na mahakama iseme naye ana kwa ana, imweleze anachokiacha: kwamba anaacha haki ya shauri lake kusikilizwa lote, na kwamba anaacha haki ya kukata rufaa isipokuwa juu ya kiasi au uhalali wa adhabu. Sheria ya Kenya yataka pia makubaliano yawe ya maandishi, mshitakiwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu, naye atie sahihi. Tena, ikiwa makubaliano yalipatikana kwa hila au kwa maelezo ya uongo, mshitakiwa aweza kuiomba mahakama ile ile iliyotoa adhabu iyafute. Na katika Kenya makosa yaliyo chini ya sheria ya makosa ya kujamiiana hayaingii katika njia hii, wala mauaji ya kuangamiza jamii na makosa ya vita.

Angalieni basi kwamba ahadi ya mtu wa mlangoni si makubaliano. Mtu akikuambia barazani, "Kiri tu, utatoka leo leo," yeye hana uwezo juu ya adhabu. Hakimu ndiye atoaye adhabu. Kama kuna mapatano ya kweli, yatasomwa mbele ya mahakama, nawe utaulizwa juu yake. Lisiloweza kusemwa mbele ya hakimu, usilitegemee.

Huenda mwingine atauliza kama jambo hili liko kwetu tu. La, na katika Marekani limeenda mbali zaidi. Huko, katika mahakama za Serikali ya muungano, waendesha mashtaka wamezoea kutia katika makubaliano sharti la kwamba mshitakiwa anaacha rufaa, na pengine hata rufaa juu ya adhabu, ambayo kwetu sheria humbakizia aliyekiri. Kwa sababu hiyo kanuni zao zilibadilishwa mwaka 1999, zikamlazimu jaji amwulize mshitakiwa mwenyewe, mbele ya watu, kama amefahamu sharti hilo. Hata hivyo, mwaka 2019, katika shauri lililotoka jimbo la Idaho, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba wakili aliyeagizwa na mteja wake kukata rufaa hana ruhusa ya kukataa kwa kuwa mteja alitia sahihi ya kuiacha. Sababu waliyotoa ni kwamba hapana sahihi ya namna hiyo inayofunga kila mlango. Mwaona kwamba hata mahali ambapo mpaka ni mkali, madirisha hayakosekani.

KUUNGAMA NA KUKIRI

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wema hasa, nasi hatupendi kulipita. Wengi wetu tumefundishwa na wazazi na viongozi wa dini kwamba anayeungama kosa lake hupata rehema. Fundisho hilo ni jema, nasi hatuliondoi. Lakini kuungama mbele ya Mungu ni jambo moja, na kukiri shtaka mbele ya hakimu ni jambo lingine. Mbele ya Mungu mtu huungama ubaya wa moyo wake, hasira yake na tamaa yake. Mbele ya hakimu huulizwa juu ya tendo fulani, la siku fulani, lililoandikwa kwa maneno fulani ya sheria. Kijana wetu yamkini alijiona mwenye dhambi kwa kumchukulia kaka yake baiskeli pasipo kumwambia. Lakini kujiona mwenye dhambi hakumfanyi kuwa mwizi kwa sheria.

Wala tusielewe vibaya. Hatuwafundishi watu kukana makosa waliyoyatenda. Mtu aliyeiba, akafahamu shtaka lake, akakiri kwa hiari, amefanya jambo la heshima. Amemwondolea mwenzake taabu ya kusafiri mara nyingi, na mahakama kwa kawaida huliangalia hilo inapopima adhabu. Tunalolipinga ni kukiri pasipo kufahamu, kukiri kwa hofu, na kukiri kwa kuchoka. Katika hayo aliyedhulumiwa hapati haki, kwa kuwa huenda mkosaji wa kweli bado anatembea.

MASHAURI YETU

Sasa tuyakusanye yale ya kukumbuka, hasa ninyi wanafunzi, ambao huenda mtaulizwa na wazee wenu.

Mtu akishtakiwa, asikilize shtaka lote mpaka mwisho. Kama lugha haijui vema, aseme hivyo mara moja. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na katika Kenya katiba yampa mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama. Asione haya kusema, "Sijafahamu." Haya ya saa moja ni nafuu kuliko kifungo cha mwaka.

Akijibu, aseme kweli yote, si nusu. Kama alichukua lakini kwa sababu, aitaje sababu. Kama alipiga lakini kwa kujikinga, aseme alijikinga. Hakimu hawezi kuliandika neno ambalo halikusemwa.

Kama ana shaka, aombe nafasi ya kupata wakili au msaada wa sheria. Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria tangu mwaka 2016, na Tanzania Bara tangu mwaka 2017, kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa.

Kama amekwisha kukiri, akatambua kosa lake kabla adhabu haijatolewa, ainue mkono na kuiomba mahakama imruhusu kubadili jibu lake. Adhabu ikiwa bado, mahakama yaweza kumruhusu. Adhabu ikiisha kutamkwa, hakimu yule amemaliza kazi yake.

Mwisho, asikawie. Katika Kenya rufaa hukatwa katika siku 14 tangu hukumu. Katika Tanzania Bara, kwa mashauri ya Mahakama za Wilaya, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa katika siku 10, na rufaa yenyewe huletwa katika siku 45, pasipo kuhesabu muda wa kungoja nakala ya mwenendo wa shauri. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Aliye gerezani aweza kuipitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Wazazi wengi hutuletea karatasi baada ya miezi mingi, kwa kuwa walikuwa wakichanga nauli au wakingoja jamaa arudi safari. Siku hazingoji nauli. Mahakama yaweza kumwongezea muda mwenye sababu njema, lakini ni afadhali kutoihitaji huruma hiyo.

Tumesema mengi, lakini yote yarudi kwenye neno lile fupi tuliloanza nalo. Mtu atakaposimama mbele ya hakimu na kuulizwa, asilitoe neno lake mpaka amejiuliza mambo mawili: Je, nimefahamu ninachokikubali? Je, nimefahamu ninachokiacha? Akiweza kujibu ndiyo kwa yote mawili, na akiri kwa amani. Asipoweza, na aulize kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tafadhali, mkiisha kusoma, msomeeni na jirani asiyejua kusoma.